Milimita Kumi na Nane

Taa ya kusomea picha ilikuwa imeungua tangu juma lililopita, kwa hiyo Daktari Kundu akaibandika eksirei kwenye kioo cha dirisha na kuliachia jua la asubuhi kazi hiyo. Mbavu za marehemu zikajitokeza nyeupe. Katikati ya kifua, juu ya kivuli cha moyo, palikuwa na kitu kidogo, chembamba, kilichong'aa kuliko mifupa.

"Hiyo hapo," mkuu wa kituo akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amejiziba pua kwa skafu na hakutaka kuingia zaidi ya hapo. "Pete ya moyoni. Kadi ipo, pete ipo, mtu ndiye. Andika, Daktari, tumalize."

Inspekta Dilara Pramanik alikuwa akiisoma ile kadi kwa mara ya tatu.

Maiti ilinaswa na nyavu za wavuvi jana asubuhi, mtoni Padma, chini kidogo ya mji wa Rajshahi. Ilikuwa ya mwanamume wa miaka sitini hivi. Uso haukutambulika, kwa kuwa samaki walikuwa wameshautembelea, na ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji hata mashine ya alama ikakataa kuisoma. Lakini alikuwa amevaa kizibao cha sufu, na katika mfuko wa ndani wa kizibao palikuwa na kadi ya plastiki, ya aina wanayopewa watu waliowekewa stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua mshipa wa moyo uliobanwa. Huku kila mtu hukiita pete. Kadi ilikuwa na jina: Mozahar Sarkar, mpima ardhi, aliyetoweka siku nane zilizopita. Pamoja na kadi palikuwa na ganda tupu la vidonge.

Mkuu wa kituo hakuchelewa. Kabla ya saa sita mchana alishamtia ndani jirani wa mpima ardhi, Tofazzal Mondol, kwa kosa la mauaji. Eksirei ilipigwa kutafuta risasi. Risasi haikuwapo, ikaonekana pete.

"Kadi inasema pete mbili," Dilara akasema. "Moja ya milimita arobaini na nane, nyingine ya ishirini na nane. Zote kwenye mshipa wa mbele, kushoto. Mimi naona moja, tena fupi."

"Mbili zikipandishana huonekana moja," Daktari Kundu akajibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Na picha ya namna hii hudanganya kwa urefu. Hata rula ukiitazama kwa ncha utaiona kama kifungo."

"Kwa hiyo huwezi kuniambia kama ndiye."

"Kwa picha, siwezi. Kwa kisu, naweza."

Mkuu wa kituo akalalamika kwamba ndugu wako nje tangu alfajiri, wanataka kuzika, na kwamba kupasua moyo wa mtu aliyekwisha kutambuliwa ni kuwaongezea uchungu. Daktari Kundu alikuwa ameshaanza kuvaa glovu. Akasema watazika, lakini wazike wa kwao.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Dilara alimkuta Jobeda, mke wa mpima ardhi, mwanamke mnene kidogo mwenye shali ya kijivu, amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu. Hakuwa ameoneshwa maiti. Alioneshwa kizibao tu, akakitambua kwa kiraka alichokishona mwenyewe, na kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Dilara akaketi karibu naye, akamuuliza taratibu mzee aliondokaje.

Jobeda akaeleza. Mozahar aliaga kwamba anakwenda kwa dada yake katika mji wa Natore, siku tatu. Dada mtu alipopigiwa simu akashangaa, hakumwona. Simu ya mzee nayo ikawa haipatikani. Tangu awekewe pete, miezi minne sasa, hakuwahi kulala nje ya nyumba, kwa sababu yeye Jobeda alimkataza. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vita yao ya kila siku. Daktari alisema asikose hata kimoja kwa mwaka mzima.

"Aliondoka na vingapi, mama?"

"Saba. Nilivitia kwenye kichupa kwa mkono wangu. Siku tatu, lakini nikasema nimzidishie, maana huyo akikutana na watu wa mashamba hurudi akitaka."

"Kwenye kichupa? Si kwenye ganda lake?"

"Maganda yanamkwaruza mfukoni."

"Na akienda kununua dawa, huwa anachukua ganda tupu amwoneshe mwenye duka?"

Jobeda akamtazama kwa mshangao, kana kwamba ametukaniwa mume. Akasema mzee amechora ramani za wilaya nzima. Jina la dawa ataandika kwenye karatasi, tena kwa herufi za kupendeza. Kubeba ganda ni kwa asiyejua kusoma.

Dilara akashukuru, akainuka. Hakumwambia anachokifikiria, kwa kuwa tumaini likitolewa mapema kisha likanyang'anywa huua kuliko habari mbaya.

Alikuwa na saa tatu za kumngoja daktari, akazitumia kituoni. Tofazzal Mondol aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na blanketi mabegani. Alikuwa mrefu, mkavu, meno mekundu kwa tambuu. Mashahidi sita walimsikia kwenye kibanda cha chai akimwambia Mozahar kwamba ile pete yake ya moyoni ataing'oa kwa koleo.

"Ulisema?" Dilara akamuuliza.

"Nilisema. Kesho yake nikasema nitaing'oa kwa meno. Mbona hilo hawakukwambia?"

"Ugomvi wa nini?"

"Mpaka. Anasema mti wangu wa embe uko kwake. Miaka kumi na minne anasema hivyo."

"Na siku aliyotoweka ulikuwa wapi? Mkeo anasema ulitoka alfajiri."

Tofazzal akavuta blanketi. Akakiri kwamba alikwenda ofisi ya ardhi kutafuta ramani ya zamani, ya wakati wa babu zao, na hakumwambia mke kwa kuwa alimwapia kwamba kesi ameiacha. Karani alimwona, na jina lake limo kwenye kitabu cha wageni. Dilara akamwashiria konstebo apige simu. Jibu likaja papo hapo: jina limo, saa tatu asubuhi hadi saa tisa.

Kwa mkuu wa kituo hilo lingekuwa si kitu, maana mtu huweza kuua saa kumi. Lakini Dilara alikuwa na swali jingine.

"Ulitaka afe?"

"Afande, nimempeleka mahakamani mara tatu, na mara tatu kanishinda. Akifa nitamshinda nani?" Akaangalia chini, na sauti ikashuka. "Alipolazwa kwa moyo nilimpelekea machungwa. Hilo usimwambie mtu."

Saa sita kasoro Daktari Kundu alipiga simu, akasema njoo. Dilara alipofika alimkuta ameshanawa. Kwenye sahani ya chuma palikuwa na kipande cha mshipa kilichopasuliwa kwa urefu, na ndani yake wavu mwembamba wa chuma kama utando wa buibui. Pembeni palikuwa na rula.

Alieleza kwa utaratibu wake. Mshipa wa mbele wa kushoto ameukata hatua kwa hatua, mwanzo hadi mwisho, na hamna chuma hata punje. Pete iliyoonekana kwenye picha ilikuwa upande wa kulia wa moyo, moja tu, ya milimita kumi na nane. Ndani yake palikuwa na donge la damu lililoziba kabisa. Mapafuni maji yalikuwa kidogo. Jeraha la kupigwa hakuna.

"Moyo ulimsimama, akaanguka majini," Daktari Kundu akasema. "Hakuna aliyemuua. Mshipa wake ulikuwa umeziba."

Mkuu wa kituo, aliyekuwa amefuata nyuma na skafu yake, akauliza kama zile pete mbili ndefu hazikuweza kung'oka na kuchukuliwa na maji. Daktari akavua miwani, akaifuta. Akasema baada ya miezi minne nyama imeshaota juu ya chuma. Ni kama msumari ndani ya mti. Mtu hupoteza meno, hupoteza vidole, lakini pete ya moyoni haimtoki.

Dilara akatoka kwenda ukumbini. Jobeda alikuwa palepale.

"Mama," Dilara akasema, "siyo yeye."

Jobeda hakulia. Aliteleza tu kutoka kwenye benchi, akakaa sakafuni, shali ikamwanguka. Wanawake wawili wakamkimbilia, akawasukuma. Alipumua mara tatu, nne, kwa nguvu, kama mtu aliyetolewa kisimani. Kisha akauliza, "Sasa yule mle ndani ni wa nani?"

Ndilo swali alilokwenda nalo Dilara kwenye hospitali ya moyo, upande wa pili wa mji. Daktari Rezina, aliyemwekea Mozahar zile pete, alikuwa akila wali wa dengu mezani kwake kati ya mgonjwa na mgonjwa, na hakuacha kula. Akaiwasha kompyuta, akaonesha filamu ya siku ile. Mshipa wa mpima ardhi ulionekana mweusi, umebanwa tangu karibu na shina hadi chini sana, kama mpira wa maji uliokanyagwa na gari zima, si na mguu mmoja. Alieleza kwamba mbano mfupi hutosha pete moja, lakini huu ulikuwa mrefu, karibu sentimita saba, na mzee alikataa katakata kupasuliwa kifua. Wakaweka pete ya kwanza chini, ya pili juu, ncha zikapandana kidogo, kwa kuwa mahali ukiacha pengo ndipo mbano unaporudi.

"Siku hiyohiyo," Dilara akauliza, akiwaza kwamba huenda marehemu na Mozahar walijuana wodini, "hukumwekea mtu mwingine pete moja, kulia, milimita kumi na nane?"

Daktari Rezina akafungua daftari la siku. Kidole chake kikasimama mstari unaofuata jina la Mozahar. Ainuddin Majhi, mvuvi, miaka hamsini na tisa. Kulia, moja, kumi na nane. Akakumbuka kwamba wale wawili walilazwa vitanda vya jirani na wauguzi waligombana nao kwa kucheka. Mmoja hakujua kusoma, mwenzake akawa anamsomea gazeti kwa sauti wodini.

"Ainuddin hajaja kliniki tangu mwezi wa pili baada ya kuwekewa pete," akaongeza, na sasa aliacha kula. "Hawa wakijisikia wazima huacha vidonge. Nimeshasema mpaka ulimi umekauka."

Dilara akamweleza kuhusu kizibao, kadi na ganda tupu. Alipokuwa akieleza, mambo yakajipanga yenyewe. Mvuvi asiyejua kusoma, amevaa kizibao cha rafiki yake, amebeba kadi ya rafiki yake na ganda lake mwenyewe la kumwonesha mwenye duka. Mtu huyo hakuiba. Alitumwa dawa.

"Basi aliyemtuma hana dawa," Daktari Rezina akasema. Akainuka. "Inspekta, mzee huyo ana chuma kirefu kifuani. Kadiri chuma kinavyokuwa kirefu, ndivyo damu inavyopata pa kugandia. Ameondoka na vingapi?"

"Saba."

"Na leo ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

Daktari akafungua mtoto wa meza, akatoa pakiti mbili, akazitia mkononi mwa Dilara.

Namba ya simu kwenye fomu ya Ainuddin ilikuwa ya binamu yake, mwenye boti. Dilara aliipiga akiwa kwenye ngazi za hospitali. Binamu akapokea kwa furaha. Akasema Ainuddin yuko Char Balumari, kile kisiwa cha mchanga kilichojitokeza mtoni baada ya mafuriko, pamoja na yule mpima ardhi waliyelazwa naye. Familia kumi na moja zinaigombea ile ardhi mpya na zilikuwa zimeshanoa mapanga. Ainuddin akamwomba rafiki yake aje apime ili watu wasichinjane. Kule hakuna mtandao wala umeme. Mkewe Ainuddin hana wasiwasi, anajua mume yuko kisiwani.

Na kisiwani, Dilara akawaza, wanajua yuko mjini.

Hakumwambia binamu habari ile kwa simu. Alimwomba boti tu. Saa nane walikuwa mtoni, yeye, konstebo mmoja na binamu mwenyewe usukani. Maji yalikuwa yamepungua, na mara mbili wakakwama kwenye mchanga. Hapo ndipo Dilara alipomweleza binamu, kwa kuwa hakuweza kuendelea kumtazama mgongo. Mwanamume yule akazima injini. Boti ikaelea kidogo. Kisha akaiwasha tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama yuko mmoja wa kuwahi, tuwahi.

Char Balumari haikuwa na mti hata mmoja. Vigingi vya mianzi vilikuwa vimepigwa mstari kwa mstari hadi mwisho wa macho, na kati ya vigingi watu walikuwa wameshaanza kupanda dengu. Kwenye kibanda cha mabua, juu ya mkeka, alikaa mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe na shuka begani, ramani mapajani, akigombana na wanaume wanne kwa wakati mmoja. Dilara alimjua kwa picha. Akashika nguzo ya kibanda. Hakutegemea kumkuta hai.

"Mzee Mozahar Sarkar?"

"Ndiye. Kama umekuja kwa habari ya kigingi cha saba, nimeshasema hakisogei."

Dilara akachuchumaa mbele yake, akamwuliza vidonge. Mzee akaona haya. Akatoa kichupa mfukoni, kitupu. Alisimulia kwamba siku ya tano vilipobaki viwili alimtuma Ainuddin mjini, akampa kizibao kwa sababu ya baridi na kadi ili mwenye duka asikosee, na akamwambia apitie kwa Jobeda aungame kwa niaba yake. Vile viwili akavikata kwa wembe, nusu kwa siku. Nusu ya mwisho aliimeza leo asubuhi. Kifua hakimwumi, ila jana kilimbana kidogo alipokuwa akivuta mnyororo wa kupimia, akauacha vijana wavute.

Dilara akapasua pakiti, akamwekea kidonge kiganjani. Mzee akakimeza kwa maji ya birika, akafuta ndevu.

"Wallahi, mwanangu, umenifaa. Huyo Ainuddin nitamnyonga. Siku nne. Lazima amepita kwa shemeji zake kula maandazi ya sukari ya mtende."

Wale wanaume wanne wakacheka. Binamu wa Ainuddin, aliyesimama nyuma ya Dilara, hakucheka, na mzee akamwona.

Dilara akamwambia. Alisema kwa maneno machache, kama alivyofundishwa, bila kuzunguka: moyo ulisimama, hakuteseka sana, na hakuna mkono wa mtu.

Mozahar akaikunja ramani. Akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa kama kitabu kidogo. Akasema Ainuddin alimwapia kwamba vidonge vyake anavimeza kila siku.

"Alikuwa akinikumbusha vyangu," akasema. "Kila asubuhi. 'Mpimaji, umemeza?' Mimi sikumuuliza vyake hata siku moja."

Walimwingiza botini na kumlaza juu ya magunia, ingawa alisema anaweza kukaa. Kabla ya kuondoka aliwaambia wale wanaume wanne kwamba kigingi atakayekisogeza, amemsogeza Ainuddin kaburini.

Katikati ya mto mtandao ukarudi. Dilara akapiga kituoni kwanza. Mkuu wa kituo akasikiliza, akakohoa, akasema basi Tofazzal atatoka sasa hivi. Sauti ya Tofazzal ikasikika nyuma, ikiuliza kama mzee ni mzima kweli. Alipoambiwa ni mzima, akataka afikishiwe ujumbe kwamba kesi yao ni Alhamisi na asilete kisingizio.

Mozahar alipoambiwa akacheka, kisha machozi yakamtoka hapohapo, akayaacha.

Kisha Dilara akapiga kwa Jobeda, akamweleza kwa kifupi mzee amekutwa wapi na akifanya nini, akampa mzee simu. Mzee alisema "Ni mimi," na baada ya hapo hakupata nafasi. Sauti ya mkewe ilisikika hadi kwa binamu kwenye usukani: Natore gani iliyoko mtoni, na dada gani mwenye ndevu na vigingi, na kwamba akifika atafungwa kamba ya ng'ombe. Mzee akawa anaitikia, ndiyo, ndiyo, huku amefumba macho, na Dilara akaona mabega yake yakishuka taratibu kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kelele zilipokoma, mzee akamwambia kuhusu Ainuddin.

"Mkewe ameambiwa?" Jobeda akauliza.

"Bado."

"Basi usije huku. Nenda kwake kwanza, ukae naye. Mimi nimekungoja siku tisa, nitakungoja mpaka usiku. Na umeze dawa."

Mzee akarudisha simu. Hakuhitaji kueleza, binamu alikuwa amesikia yote. Aliinama juu ya usukani, akaigeuza boti taratibu kuelekea kijiji cha wavuvi.